Mshono wa Ndoo na Mshono wa Ndege

Hadithi zetu huanza kwa kuualika uongo uje, utamu ukolee. Leo, wajukuu zangu, uongo ubaki nje kwenye mvua ya Kawetele, na mvua ya huku mnaijua, haina haraka ya kukatika. Sogeeni. Wewe mdogo usikae mlangoni, njoo huku kwenye mkeka. Habari ya leo ni ya moto, na yote nitakayosema ni kweli.

Fundi wa ndoo mnamfahamu. Ni yule anayeziba ndoo, mabeseni na viti vya plastiki kwa jiko dogo la makaa, kipande cha chuma chenye mpini wa mti, na mfuko uliojaa vipande vya plastiki vya kila rangi. Unamwambia, "Shikamoo fundi, ndoo ya mama imepasuka." Anaitikia, "Marahaba, ilete," kisha anaipindua kwanza na kuitazama kitako kabla hajagusa ufa. Anachagua kipande kinachofanana nayo, anapasha chuma, analainisha kingo zote mbili, anachomeka kile kipande, anakandamiza mpaka kipoe. Ufa ukiwa mrefu, wapo mafundi wanaolaza waya mwembamba ndani ya mshono ili plastiki iwe na kitu cha kushikilia.

Jambo moja huenda hamjaliona. Chuma kikitoka motoni, fundi mzoefu haanzi kazi papo hapo. Anakigusisha kwenye kipande kibovu. Kikitoa moshi, anasubiri.

"Lakini Babu, si kikiwa cha moto zaidi ndiyo kitashika zaidi?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Wapo wahandisi Ulaya, Marekani na Japani wanaolipwa mishahara mizuri kwa kulijibu, sababu wanajenga ndege kwa plastiki, na roboti zao hupatwa na tatizo lilelile la chuma cha fundi.

Tuanze na plastiki yenyewe. Imejengwa kwa molekuli ndefu. Atomu ya kaboni imeshika atomu ya kaboni, nayo imeshika nyingine, hivyo hivyo hadi maelfu, mnyororo mmoja mwembamba usioonekana kwa jicho. Ndani ya ndoo moja minyororo hiyo haihesabiki, nayo imepitana na kusukana kila upande. Nguvu ya ndoo iko kwenye huko kusukana.

Mnajua kamba tunazochuna kwenye mgomba uliokauka, zile za kufungia majani ya ng'ombe. Utepe mmoja ni dhaifu, lakini ukisokota nyingi ndefu unapata kamba ya kuburutia mzigo wa kuni. Sasa chukua kisu, uzikate tepe zile vipande vya urefu wa kidole, halafu usokote upya. Utapata kamba ya unene uleule, rangi ileile na uzito uleule. Ivute basi! Inaachana mikononi. Joto lililozidi ndilo kisu hicho. Ndoo inaweza kuonekana nzima, inang'aa, kumbe ndani minyororo imekatwakatwa, na siku ukiijaza maji mshono unafunguka njiani kutoka bombani.

Kisu hicho kina msaidizi, naye ni oksijeni, hii hii tunayoivuta. Joto linaitikisa minyororo mpaka mahali fulani kiungo kimoja kinakatika. Ncha iliyokatika haitulii. Oksijeni inaidaka, na kutoka hapo ugomvi unasambaa: mnyororo huu unamvamia jirani, jirani anamvamia wa kwake. Kwa plastiki nyingine, kama polipropilini ya viti na mifuko ya salfeti, matokeo huwa minyororo mifupi. Kwa nyingine, ncha zilizokatika hushikana na majirani zikafunga mafundo, na plastiki inakuwa ngumu kutiririka hata ukiipasha tena. Haya ni maradhi mawili tofauti, na fundi asiyejua analoshughulika nalo atatoa dawa isiyo yake.

Kwa oksijeni hiyo kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1933, huko Winnington nchini Uingereza, wanakemia wawili wa kampuni ya ICI, Eric Fawcett na Reginald Gibson, waliibana gesi ya ethilini kwa shinikizo kubwa sana. Walipofungua chombo walikuta masalia meupe yenye utelezi wa nta. Hiyo ilikuwa poliethilini, ambayo leo ndiyo ndoo, dumu na mabomba meusi ya maji. Tatizo ni kwamba walipojaribu tena, kazi ilikuja na kukataa bila mpango. Siri ilifahamika baadaye: oksijeni kidogo mno iliyojipenyeza ndiyo iliyokuwa ikiianzisha minyororo kuungana. Oksijeni iliyoizaa plastiki hiyo ndiyo inayoiua ikishapashwa moto. Mtu akiwaambia sayansi haina vituko, msimsikilize.

Viwanda vinalijua hilo, kwa hiyo huchanganya kwenye plastiki dawa kidogo ya kuzuia ugomvi usisambae. Dawa hiyo hujitoa yenyewe idakwe ili minyororo ipone. Lakini hutumika ikaisha. Plastiki iliyoyeyushwa mara ya kwanza kiwandani, ya pili kwa mrejelezaji, na ya tatu kwa fundi, imebakiwa na dawa kidogo na minyororo iliyochoka. Jua nalo hula dawa ileile. Beseni linaloanikwa juani miaka na miaka hupasuka kwa kuguswa tu, ingawa halijawahi kuona moto.

Sasa tuingie kwenye namba, maana moto bila namba ni kubahatisha. Poliethilini ya ndoo huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi. Polipropilini ya viti huyeyuka karibu na 165. Chuma kilicholala kwenye makaa kinavuka hapo mara mbili na zaidi bila shida.

Na plastiki haina mlinzi. Sufuria ya maji inaye. Hapa Tukuyu, kwa kuwa tuko juu, kwenye mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye karibu nyuzijoto 95, na hata ukichochea kuni vipi, yatabaki hapo hapo mpaka tone la mwisho ligeuke mvuke. Plastiki ikishayeyuka hakuna kitu kinachosimamisha joto lake. Linapanda, linapanda, mpaka minyororo inaanza kukatika.

Kuna jambo la pili ambalo watu husahau, nalo ni muda. Joto peke yake halisemi yote. Kugusa kwa kufumba na kufumbua kwenye joto kali kunaweza kuiacha plastiki salama, wakati kuilaza nusu saa kwenye joto la wastani kunaiharibu. Ndiyo sababu fundi hushika na kuachia, hushika na kuachia. Angeambiwa kwamba anazidisha joto kwa muda kichwani mwake, huenda angecheka. Lakini ndivyo anavyofanya.

Na mvua yetu hii? Nayo imo katika hadithi. Chupa za maji ya kunywa ni plastiki inayoitwa PET, ambayo hufyonza unyevu wa hewani. Ukiiyeyusha ikiwa na unyevu, maji yenyewe hukata minyororo kwenye joto lile. Anayerejeleza chupa hizo lazima azikaushe kwa makini kwanza, na huku kwetu, ambako nguo zinaweza kukaa kwenye kamba siku tatu, kazi hiyo ingemtoa mtu jasho. Tena ole wake akiacha kipande cha bomba la PVC kichanganyike humo. PVC ikizidiwa na joto hutoa gesi inayogeuka asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo inaharibu kila kilicho jirani: plastiki, mashine, na mapafu ya aliyesimama karibu.

Msidhani ni mambo ya mbali. Lamu, kule pwani ya Kenya, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi zima kwa plastiki taka, likaitwa Flipflopi. Lina urefu wa mita 9 hivi, limekula plastiki ya tani 10, na ubavuni limevikwa malapa yapatayo 30,000 yaliyookotwa. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kilomita 500 hadi Zanzibar. Ili kupata mbao zake, taka iliyeyushwa na kutengenezwa upya, halafu mafundi wakazichonga kwa zana za seremala. Hebu fikirini taka ile: hii ilikaa juani mwaka, hii ilielea baharini, hii iliwahi kuyeyushwa. Kuivusha motoni bila kuimaliza ni ufundi mkubwa.

Nairobi nako yuko mhandisi Nzambi Matee, aliyeanzisha Gjenge Makers, akichanganya plastiki taka na mchanga, kuupasha mchanganyiko na kuubana kwa mashine mpaka upatikane tofali la kutandaza njiani. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtunuku kama mmoja wa Vijana Mabingwa wa Dunia wa mazingira. Kwenye tofali lile mchanga hauyeyuki wala hauungui. Unaobeba jukumu la kushikamanisha ni ule utando wa plastiki kati ya punje na punje. Utando ukiungua, unabaki na mchanga. Na plastiki hupitisha joto kwa uvivu, kwa hiyo pipa lisipokorogwa vizuri, iliyo ukutani huungua kabla ya ile ya katikati kulainika.

Hapo mmeshakutana na plastiki iliyotiwa kitu kingine cha kuiimarisha. Fundi wa ndoo anatia waya, Matee anatia mchanga. Wajenzi wa ndege wanatia nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, imara kwa kuvutwa na nyepesi ajabu.

"Ndege za plastiki, Babu? Hata zile za Songwe?"

Tangu Desemba 2012 uwanja wa Songwe umekuwa ukipokea ndege, na zile za kisasa zina sehemu za namna hiyo. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, iliyotua Dar es Salaam tarehe 8 Julai 2018, karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa na plastiki. Lakini nyingi ya plastiki hiyo ni ya ukoo mwingine: ikishaiva mara moja haiyeyuki tena, na hupikwa kwa saa nyingi ndani ya tanuri kubwa lenye shinikizo. Ukoo wa ndoo, unaoyeyuka na kuganda na kuyeyuka tena, huitwa thamoplastiki. Wajenzi wa ndege wanautamani kwa sababu vipande vyake vinaweza kuunganishwa kwa joto, bila kutoboa maelfu ya matundu ya ribiti, na bila lile tanuri. Yaani wanatamani kufanya kazi ya fundi wa ndoo.

Plastiki yao si ya ndoo, bila shaka. Mojawapo inaitwa PEEK, iliyobuniwa na ICI hao hao mwaka 1978, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 343. Roboti hupewa utepe wa nyuzi za kaboni uliokwisha kuloweshwa plastiki hiyo, mwembamba chini ya robo ya milimita. Mkono wa roboti unautandaza juu ya kalibu, tabaka juu ya tabaka. Pale utepe mpya unapokutana na tabaka la chini, leza inamulika, plastiki inayeyuka pande zote mbili, na rola inapita ikikandamiza. Minyororo ya juu inapaswa kuvuka mpaka na kusukana na ya chini kabla plastiki haijaganda. Yote hayo kwa sehemu ya sekunde.

Hapa sasa ndipo penye utamu. Utepe ukipita haraka, leza lazima iwe kali, la sivyo plastiki haitayeyuka na tabaka zitabanduka. Leza ikiwa kali mno, ngozi ya juu ya utepe inaweza kuruka mpaka nyuzijoto 500 au zaidi wakati ya ndani bado haijalainika. Nyuzi za kaboni hunywa mwanga wa leza kwa pupa, na hupeleka joto kwa urefu wake upesi kuliko zinavyolipenyeza kwenda tabaka la chini. PEEK iliyozidishiwa joto hewani ni ya yale maradhi ya mafundo: minyororo inafungamana, inakuwa mizito, haivuki mpaka tena. Umechoma ili ishike, na kwa kuchoma umeizuia isishike. Juu yake gesi zinazotoka huacha vipovu ndani ya ukuta.

Kwenye mstari ulionyooka roboti haina shida. Mashaka huja kwenye kona, na pale utepe unapoanza na unapoishia. Roboti hupunguza mwendo kama dereva yeyote, lakini leza isipoambiwa, inaendelea kumwaga moto uleule mahali palepale. Mwendo ukipungua nusu, joto linalomwagwa kila sentimita linakuwa mara mbili. Kwa hiyo programu nzuri hufunga nguvu ya leza na mwendo wa mkono pamoja: huyu akipunguza, na yule apunguze. Printa ya 3D ya mezani ina ugonjwa huohuo kwa udogo wake. Hufanya kazi kwenye nyuzijoto 200 hivi, na ukiisimamisha katikati ya kazi bila kuzima moto, plastiki iliyobaki kwenye pua yake hupikika, ikageuka kahawia na kuziba tundu.

"Roboti inanusa moshi, Babu?"

Hainusi. Inawekewa kamera inayoona joto, na kamera hiyo hudanganyika: uso unaong'aa au mwanga wa leza unaorudi huifanya isome namba isiyokuwepo. Mimi ningekuwa mhandisi ningezipa roboti hizo pua pia, maana pua ya fundi wa ndoo hupata habari mapema.

Wapo waliotafuta njia ya busara zaidi. Badala ya kuibana roboti isikosee, walibadilisha plastiki. Kwenye mradi mmoja wa Ulaya ulijengwa mwili wa ndege wa majaribio wenye urefu wa mita 8 na kipenyo cha mita 4, nusu ya juu huko Augsburg, Ujerumani, nusu ya chini Uholanzi, kisha zikaunganishwa mjini Stade. Walitumia ndugu wa PEEK anayeyeyuka kwenye nyuzijoto 305 hivi badala ya 343. Joto la kuungua halikusogea sana, ila la kuyeyuka limeshuka, kwa hiyo nafasi kati ya "bado" na "imezidi" imepanuka. Kwa maoni yangu huo ndio uhandisi unaostahili sifa: umpe fundi nafasi ya kupumua, awe mtu au mashine.

Mtauliza mtu atajuaje kama minyororo imekatika, ikiwa jicho halioni. Kwa plastiki za kawaida kuna kipimo cha maabara ambacho hata ninyi mngeweza kukifanya. Unaweka plastiki ndani ya mrija wenye joto, nyuzijoto 190 kwa poliethilini, 230 kwa polipropilini. Juu yake unaweka pistoni yenye uzito wa kilo 2.16, halafu unapima ni gramu ngapi zitatoka kwenye tundu dogo kwa dakika 10. Zikitoka nyingi kuliko plastiki hiyohiyo ilipokuwa mpya, minyororo imekatika. Zikitoka chache, imefunga mafundo. Ni mzani, saa na subira tu.

Basi kesho mvua ikikatika, kila mmoja wenu apindue ndoo, beseni na chupa za nyumbani, aangalie kitako. Nyingi zina pembetatu yenye namba: 1 ni PET ya chupa, 2 ni poliethilini ngumu, 3 ni PVC, 5 ni polipropilini. Ndicho anachokitafuta fundi anapopindua ndoo, kwa sababu namba 2 haishikamani na namba 5 hata ukiichoma vipi. Ziandikeni kwenye daftari, tuone nyumba zetu zina nini. Mwenye hamu ya kwenda mbali zaidi, kule Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kinachofundisha uhandisi wa mitambo, na njia ya kuingia huko ni hisabati, fizikia na kemia zenu za shule. Ila kuyeyusha plastiki jikoni mwa mama zenu, hapana. Moshi wake ni sumu, na yenye namba 3 msiichome popote, hata kwenye shimo la taka.